Matibabu Yameisha, Uchovu Umebaki

Umelala saa tatu usiku, umeamka saa moja asubuhi, na kabla hujamaliza kuoga tayari unatafuta ukuta wa kujishikiza. Mionzi ya saratani ulimaliza mwezi wa tatu. Nywele zimeanza kuota, majibu ya vipimo yametoka vizuri, daktari amekuandikia urudi kliniki baada ya miezi mitatu, na nyumbani wamekwishachinja kuku na kumshukuru Mungu. Machoni pa kila mtu umepona. Wewe peke yako ndiye unayejua kwamba kutoka kitandani hadi jikoni ni safari.

Uchovu huu unajulikana kitabibu na una sifa zake. Aliyelima kutwa huchoka kwa sababu inayoonekana. Akila, akaoga maji ya moto, akalala, asubuhi huamka na nguvu zake. Huu mwingine haulingani na kazi uliyofanya, na usingizi hauumalizi. Huja bila hodi: uko sokoni unachagua nyanya, mara miguu inagoma. Mara nyingi huandamana na kusahausahau. Unaingia chumbani hujui ulifuata nini, jina la mtoto wa jirani linakupotea ukiwa umeshafungua mdomo, ukurasa mmoja wa gazeti unausoma mara tatu. Kwa baadhi ya watu mwili huendelea kwa miezi mingi kutoa kemikali zile zile ambazo humfanya mtu mwenye homa ajisikie mnyonge. Ongeza hapo misuli iliyopungua kwa kulala kitandani wakati wa matibabu, homoni zilizovurugika na usingizi ulioharibika, utaona kwa nini mwili haurudi siku moja na karatasi ya majibu.

Wengi hupata nafuu taratibu ndani ya mwaka wa kwanza baada ya matibabu. Wapo pia, na si wachache, wanaokaa na uchovu huu miaka. Na uchovu peke yake, bila dalili nyingine mpya, si ushahidi kwamba ugonjwa umerudi, ingawa hiyo ndiyo hofu inayomwamsha mtu saa nane za usiku.

Sasa, washauri hawatakosekana. Nusu yao watakwambia pumzika, usiguse kitu. Nusu nyingine watakwambia jikaze, usiuendekeze mwili. Wote wanasema kwa mapenzi, na wote wawili, ukiwafuata kama walivyo, watakupeleka pabaya. Anayelala kutwa hupoteza misuli, na misuli ikipungua hata kusimama kunamchosha, kwa hiyo analala zaidi. Anayejikaza hufua, hupika na kwenda shamba siku aliyoamka vizuri, halafu analipia kwa siku tatu kitandani. Ninachokushauri mimi hakina mbwembwe: tafuta kwanza kinachotibika, kisha uzoeshe mwili kutembea kidogo kidogo, na nguvu ulizo nazo uzipangie matumizi kabla siku haijazipangia.

Hilo la kutafuta kinachotibika ndilo watu wengi hulipita juu juu, kwa sababu wameshaambiwa kwamba ni zile dawa za saratani, zitatoka mwilini zenyewe. Huenda ni kweli. Lakini uchovu una milango mingi, na baadhi ya milango hiyo inafungika kwa kidonge cha bei ndogo.

Anza na karatasi. Kabla hujaagana na hospitali uliyotibiwa, iwe Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda kule Mulago, omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa: saratani ilikuwa ya aina gani, dawa za dripu, yaani kemo, ni zipi na mizunguko ilikuwa mingapi, mionzi ilipigwa sehemu gani ya mwili. Ukisharudi Songea au Kasulu, utakayeonana naye ni tabibu wa kituo cha afya ambaye hajui ulikopitia. Bila karatasi hiyo, mtu anayelalamika uchovu ataandikiwa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Malaria ipimwe, sawa, na sukari, na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kichunguzwe kifua kikuu, na anayeishi na virusi vya ukimwi ahakikishe dawa zake hazikukatika wakati wa hekaheka za matibabu. Lakini isiishie hapo.

Damu ndiyo ya kuangaliwa mapema kuliko vyote. Mwanamke asiye mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu; kwa mwanamume ni chini ya 13. Dawa za kemo hushusha damu, hilo tunalijua, ila miezi ikishapita inatakiwa ipande. Isipopanda, iulizwe inapotelea wapi. Waliopigwa mionzi ya nyonga kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, wachunguze choo na mkojo wao. Mionzi ile huweza kuacha jeraha katika utumbo wa chini na kibofu, na damu ikaanza kuonekana miezi au hata miaka baadaye. Wengi huona haya kulitaja mbele ya daktari kijana. Litaje hivyo hivyo. Kuna matibabu yake, na kumeza vidonge vya madini ya chuma huku damu inaendelea kutoka ni kazi bure.

Aliyepigwa mionzi ya shingo ana lake la kuuliza. Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo ambayo ikivimba watu husema mtu ana rovu, inaweza kudhoofika polepole, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya mionzi. Dalili zake zinafanana sana na uchovu wa kawaida, ila ukizitazama vizuri kuna kitu cha ziada: unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea, choo kimekuwa kigumu, ngozi imekauka, unanenepa na chakula hujaongeza. Kipimo ni damu tu, kinaitwa TSH, na tiba yake kwa kawaida ni kidonge kimoja kila asubuhi.

Kuna na moyo. Doksorubisini, ile dripu nyekundu inayofanya hata mkojo utoke mwekundu, imesaidia watu wengi sana, lakini kwa baadhi huudhoofisha moyo. Trastuzumabu, wanayopewa baadhi ya wenye saratani ya matiti, nayo ina hatari hiyo. Ukiona ngazi ulizokuwa unapanda bila shida sasa zinakufanya uheme, ukilala chali pumzi inakata, na jioni miguu inavimba, usingoje tarehe ya kliniki. Omba moyo upimwe kwa altrasaundi.

Halafu mwaga mfuko wako wa dawa mezani na uupitie na mfamasia au daktari. Piritoni ya mafua na mwasho, amitriptilini ya ganzi na maumivu, tramado na morfini, zote hulegeza mwili. Huenda dozi inaweza kupunguzwa au kuhamishiwa usiku. Vidonge vya homoni kama tamoksifeni huweza kuchosha pia, na hapa nisisitize: usiviache kimyakimya. Hivyo ndivyo vinavyopunguza hatari ya ugonjwa kurudi. Sema vinakusumbua, daktari ana njia za kurekebisha. Mwanamke ambaye matibabu yamemkatia hedhi kabla ya wakati naye aeleze majasho ya usiku yanayomwamsha kila baada ya saa mbili, maana pengine uchovu wake wa mchana unaanzia hapo.

Ukimwambia daktari “nimechoka”, umemwambia kitu ambacho kila aliyeko kwenye foleni amekisema. Mpe namba. Sifuri ni kutokuchoka kabisa, 10 ni uchovu mkubwa kuliko wote unaoweza kuuwaza. Kuanzia 4 kwenda juu unastahili kuchunguzwa kwa makini. Kisha mpe mfano wa maisha: “Daktari, kabla ya kuugua nilikuwa nauza maandazi kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne. Sasa nikikanda unga wa kilo mbili nalala hadi mchana.” Sentensi hiyo itamfanya aweke kalamu chini na kukutazama. Ukiwa na daftari dogo lenye namba za wiki mbili, za asubuhi na jioni, ni bora zaidi, kwa sababu siku ya kliniki mtu husahau nusu ya yaliyompeleka.

Tuje kwenye mwendo. Najua ni ushauri unaokera: mtu hana nguvu za kusimama, unamwambia akafanye mazoezi. Lakini hapa ushahidi ni mzito. Mwaka 2017 jarida la JAMA Oncology lilichapisha uchambuzi wa Karen Mustian na wenzake, uliounganisha tafiti 113 zenye washiriki zaidi ya 11,000. Mazoezi na tiba za kisaikolojia vilipunguza uchovu wa saratani kuliko dawa zilizojaribiwa. Mpaka leo hakuna kidonge cha kuondoa uchovu huu ambacho daktari makini atakuandikia kama jambo la kawaida.

Wataalamu hutaja lengo la dakika 30 za mazoezi ya wastani mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli mara mbili. Usianze hapo. Anza na kile unachokiweza hata siku mbaya. Kwa mmoja ni dakika kumi za kutembea mtaani. Kwa mwingine ni kutoka mlangoni hadi kwenye duka la Mpemba na kurudi. Kifanye kila siku kwa wiki nzima bila kuongeza, hata ukijisikia shujaa. Wiki inayofuata ongeza dakika moja au mbili. Mwendo sahihi ni ule ambao unaweza kuzungumza ukiwa unatembea lakini huwezi kuimba. Kesho yake ukiamka hoi, ulizidisha. Rudi hatua moja nyuma, usiache kabisa. Toka asubuhi jua halijachoma au baada ya alasiri, na chagua njia yenye mahali pa kuketi, hata kama ni gogo au kizingiti cha mtu.

Ya misuli yanafanyika ndani ya nyumba. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kujisukuma kwa mikono, keti tena taratibu. Mara tano zinatosha kuanzia. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisogeze na kujisukuma. Chupa mbili za maji za nusu lita ni vyuma tosha vya mwezi wa kwanza. Aliyeambiwa kwamba saratani ilifika kwenye mifupa aulize kwanza ni miondoko ipi aiepuke. Mwenye ganzi ya nyayo, ambayo paklitakseli na sisplatini huiacha mara nyingi, avae viatu vilivyofunika mguu na aepuke njia za mawe. Ukiwa na homa, au unatoka damu, siku hiyo pumzika.

Wanawake wengi watanijibu kwamba wao kutwa wako miguuni, mazoezi gani tena. Nawaelewa. Tatizo la kazi za nyumbani ni kwamba haziishi unapotaka ziishe na haziongezeki kwa dakika mbili. Mtoto akimwaga uji, utafuta sakafu nzima. Kutembea dakika kumi ni kwako; unaamua mwanzo na mwisho wake.

Hizo kazi sasa ndizo zinazohitaji mpango. Zichukulie nguvu zako kama mtaji mdogo wa genge: ukiuweka wote kwenye bidhaa moja asubuhi, jioni huna hata nauli. Andika mambo yote ya siku, kisha ujiulize kwa kila moja: lazima liwe leo? lazima niwe mimi? lazima lifanywe hivi? Utashangaa mengi yanavyofutika.

Chukua kufua, maana kufua kwa mkono ni kati ya kazi zinazochosha mno, na tumezoea kuifanya kwa namna inayochosha zaidi: umesimama miguu wima, umeinama kiuno, beseni liko chini. Loweka nguo jioni ili sabuni ifanye sehemu ya kazi usiku. Asubuhi fua chache, tuseme nne, ukiwa umeketi kwenye kigoda na beseni likiwa juu ya benchi au kigoda kingine, usawa wa tumbo. Shuka, jinzi na mapazia si vyako kwa sasa. Kukamua kunamaliza mikono kuliko kusugua, basi nguo nzito zitundike zikiwa zinachuruzika maji, jua litamalizia. Shusha kamba ya kuanikia iwe usawa wa kifua ili usinyanyue mikono juu ya kichwa. Na maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Tumia dumu la lita 5, hata kama utaenda mara nne, au mwachie kijana wa nyumba. Aliyetolewa tezi za kwapa katika upasuaji wa titi arudie kubeba vizito kwa kupandisha kidogo kidogo, na mkono ukianza kuvimba amwone daktari.

Jikoni ni hivyo hivyo. Nazi nunua iliyokwisha kukunwa. Mchicha chambua ukiwa umekaa. Kusonga ugali wa watu wanane kunataka bega zima, kwa hiyo siku ya ugali asonge mwingine, wewe upike mboga. Mwanamume aliyezoea kwamba chakula kinatokea tu mezani, huu ndio wakati wake wa kujua mwiko unawekwa wapi.

Mtego mkubwa ni siku nzuri. Umeamka mwepesi, jua limetoka, unasema leo nitamaliza viporo vyote. Saa sita mchana umemaliza, na kesho na keshokutwa hupo. Siku kama hiyo acha kazi ukiwa bado una nguvu za kuendelea, na pumzika kabla hujachoka: dakika kumi na tano umejinyoosha kila baada ya saa moja au mbili. Ukingoja uchoke ndipo upumzike, umechelewa.

Na misiba? Kwetu mtu hawezi kukosa msibani, na sijaona daktari wa Ulaya aliyeliandika hilo kwenye mwongozo wake. Nenda mchana, keti kwenye mkeka pamoja na wenzako, toa rambirambi yako, omba ruhusa kabla ya usiku kuingia. Kupika kwenye masufuria makubwa na kukesha waachie wenye afya kwa mwaka huu. Ukiona aibu kusema, mtume dada yako akusemee kwa wafiwa mapema. Harusi ndiyo rahisi zaidi: chagua tukio moja tu, mengine yapite.

Usingizi una kanuni chache ambazo hazipendezi lakini zinafanya kazi. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, hata Jumapili. Kulala mchana ruksa, ila isizidi nusu saa na isivuke saa tisa alasiri. Kitanda kiwe cha kulala. Kukaa kitandani kutwa na simu kunaufundisha mwili kwamba pale ni mahali pa kukodoa macho. Ukijigeuza muda mrefu bila usingizi kuja, inuka, kaa kwenye kiti gizani au kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Kahawa na chai nzito ziishie mchana.

Kuhusu chakula, sina mengi, ila nina hasira kidogo. Mtu aliyetoka kwenye kemo akiwa amepungua kilo nyingi anakutana na orodha ya makatazo: usile nyama, usinywe maziwa, sukari inalisha saratani, kula majani haya tu. Miezi miwili baadaye hana misuli ya kumshika. Mwili unaojijenga unataka protini kila mlo: dagaa, mayai, maharage, kunde, samaki, maziwa, karanga. Kama damu yako ni ndogo, kamulia limau kwenye mboga za majani, au kula chungwa baada ya mlo, na chai isogeze mbele kwa saa moja, kwa sababu chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ukishindwa sahani kubwa, kula kidogo mara tano au sita. Mwenye kufunga Ramadhani aulize daktari kabla ya kunuia. Ruhusa ya mgonjwa ipo, na kulipa kupo.

Majani ya mstafeli, mlonge, mwarobaini na zile chupa zinazouzwa kwenye mabasi zikiwa na maji ya rangi ya mkaa: kama unatumia, mwambie daktari jina lake, kwa sababu ini na figo zako zimetoka kwenye kazi nzito na baadhi ya mitishamba hugombana na dawa. Usimfiche kwa kuogopa kufokewa.

Na kuna hii desturi ya kwenda dispensari kutundikiwa “dripu ya nguvu”. Dripu ya kawaida ya glukosi, ile ya asilimia 5 yenye mililita 500, ina gramu 25 za sukari. Hiyo ni kama vijiko sita vya chai. Kikombe cha uji wenye karanga kingekupa zaidi, na kingekuachia nauli. Dripu ina wagonjwa wake, waliokaukiwa maji au wasioweza kumeza. Nguvu haziji kwa mshipa.

Nyumbani, neno linalochoma kuliko yote ni “si umeshapona?” Anayelisema huenda naye amechoka. Alikupeleka hospitali, aliuza mbuzi, alilala sakafuni wodini, na alikuwa anahesabu siku mpaka maisha yarudi kama zamani. Usingoje ugomvi ndipo ueleze. Siku tulivu mwambie: “Mume wangu, ugonjwa umeondoka lakini mwili bado haujarudi. Daktari anasema inaweza kuchukua mwaka. Naomba mambo matatu,” kisha uyataje kwa jina: maji, kufua shuka, kuwaandaa watoto asubuhi. Ombi lisilo na jina hupotea. Ikiwezekana, nenda naye kliniki mara moja. Maneno ya daktari yana uzito ambao maneno yako hayana, nasikitika lakini ndivyo yalivyo. Na mkifikia suala la tendo la ndoa, liseme pia. Uchovu huiondoa tamaa yake kwa wanaume na wanawake, na kimya hutafsiriwa vibaya.

Kazini kuna hesabu ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa kila miezi 12. Mkataba wako unaweza kutoa zaidi, usome. Aliyepitia upasuaji, kemo na mionzi mara nyingi siku hizo amezimaliza kabla hajaanza kupona. Kwa hiyo zungumza na ofisi ya rasilimali watu kabla hujarudi, ukiwa na barua ya daktari, na uombe kitu mahsusi: nusu siku kwa miezi miwili, kutopangwa zamu ya usiku, kuhamishwa kutoka kwenye kazi ya kusimama. Barua inayosema “apewe kazi nyepesi” kila bosi ataisoma anavyotaka. Aliyejiajiri hana wa kumpelekea barua, lakini anaweza kufungua genge siku nne badala ya saba, na zile tatu zisiwe mfululizo.

Kuna uchovu ambao ndani yake ni huzuni. Jiulize mambo mawili: kwa wiki mbili zilizopita, siku nyingi nimekuwa na majonzi au kukata tamaa? Na vitu nilivyovipenda, kwaya, mpira, wajukuu, vimepoteza ladha? Ukijibu ndiyo kwa hata moja, mweleze daktari au mnasihi. Huko si kukosa shukrani wala imani haba. Wakati wa matibabu mtu hana nafasi ya kuogopa, anafuata ratiba. Hofu huja ratiba ikiisha. Tiba ya mazungumzo inasaidia huzuni na inasaidia uchovu wenyewe. Hospitali nyingi za rufaa zina wanasihi au maofisa ustawi wa jamii, ulizia. Mchungaji, padri au sheikh anayejua kusikiliza ni msaada mkubwa, mradi hakuambii uache dawa. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, na uende hospitali naye.

Mambo mengine pia hayangoji tarehe iliyoandikwa kwenye kadi: homa, pumzi kukata ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kutokwa damu mahali popote, mguu mmoja kuvimba na kuuma, uvimbe mpya, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, kupungua uzito bila sababu, kuchanganyikiwa, au uchovu ambao ulikuwa unapungua halafu ndani ya siku chache ukapanda kwa kishindo. Nenda hospitali iliyo karibu na ile karatasi ya muhtasari mkononi. Na kama umefanya yote haya kwa miezi mitatu na namba kwenye daftari lako haijasogea, rudi kwa daktari uombe vipimo virudiwe, hata kama mara ya kwanza viliandikwa vizuri. Tezi na moyo huweza kubadilika baadaye.